Gari Lenye Kwao

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda, mpima macho alichuchumaa kando ya gari lake na kubonyeza tairi moja moja kwa kidole gumba. Tairi hupimwa likiwa baridi, hilo alilijua, na tairi legelege hulifanya gari linywe mafuta kama mgonjwa wa homa anavyokunywa maji. Alibonyeza la mbele, likawa sawa. Alibonyeza la nyuma, nalo likawa sawa. Ndipo alipoona kidole chake kimekuwa chekundu.

Ulikuwa udongo. Ulikuwa umekaukia kwenye mistari ya tairi, mwekundu kama tofali. Sasa, barabara ya kutoka nyumbani kwake hadi mjini ilikuwa ya lami, na vichochoro vya mtaani kwao vilikuwa vya mchanga wa kijivu. Alilizunguka gari lote akiwa amechuchumaa vilevile, akitembea kama bata. Juu ya matairi gari lilikuwa safi kuliko alivyoliacha. Vioo vilikuwa vimefutwa kwa gazeti, maana viling'aa bila michirizi. Ndani kulinukia sabuni ya mche.

Mtu mwingine akioshewa gari bila kuomba angeshukuru. Yeye alishuku.

Watu wa mtaani walimwita Birika, kwa sababu ya mkono wake, na jina lilimkaa vizuri kiasi kwamba hata wagonjwa walilitumia. Gari lake lilikuwa dogo la saluni, la rangi ya krimu, kubwa kiumri kuliko ndoa yake, na Birika aliishi nalo kama mtu anavyoishi na mzee anayehitaji dawa kwa saa. Alikuwa ameling'oa kichanja cha mizigo cha juu kwa sababu kilishika upepo. Vichwa vya betri alivisugua kwa mswaki wa zamani na maji ya magadi. Plagi alizisafisha mwenyewe. Kwenye foleni ndefu alizima injini, na kwenye mteremko hakukanyaga mafuta. Siku za kazi hakuliendesha kabisa; alikwenda kwa miguu hadi kwenye chumba chake cha kupimia macho, na gari lilitoka Jumamosi tu, alipopeleka miwani kwa wateja wa mbali. Kwa hiyo alijua kila mahali gari lilipokuwa limekanyaga, na udongo mwekundu haukuwamo.

Alimkuta mkewe barazani. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilikaa palepale barazani kwa ajili ya mwanga, ikitazama geti.

"Mama watoto," alisema Birika, "wiki hii ulikwenda wapi na gari?"

"Sikwenda popote na gari."

"Una hakika?"

"Mimi na gari wapi na wapi?" mkewe alisema, akageuza kola.

Kweli, mkewe hakujua kuendesha. Jambo hilo halikumpunguzia Birika shaka hata chembe, lilimwongezea. Maana yake ni kwamba alikuwa amejifunza kwa siri, na kama alijifunza, kuna aliyemfundisha. Alikunywa chai yake akimtazama mkewe miguuni, kuona kama mguu wa kulia unakanyaga chini kuliko wa kushoto. Miguu yote miwili ilikuwa inakanyaga cherehani.

Siku hiyohiyo alilipeleka gari gereji. Fundi wake aliitwa Grisi, mtu mnene wa sauti ndogo, ambaye alikuwa amelihudumia gari hilo tangu Birika alinunue. Grisi alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kisha akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku.

"Daktari," alisema hatimaye, "kama umepata fundi mwingine si ungeniambia tu?"

"Fundi gani mwingine?"

"Hii oili ni mpya. Na hapa mtu kakaza mkanda. Kakaza vizuri, sisemi. Lakini mimi nilikukosea nini?"

Birika aliapa kwamba hajaligusa gari. Fundi alimtazama kama mke anayetazama shati lenye nywele isiyo yake. Walisimama hivyo, kila mmoja akimshuku mwenzake, mpaka fundi akainama kuangalia matairi na kuuona udongo. Uso wake ukatulia.

"Aa. Basi linakwenda kwao."

"Kwao wapi?"

"Lilikotoka. Magari ya umri huu mengi yanakwenda. Kuna moja lilikuwa linarudi bandarini kila mwezi mpaka likaisha matairi." Alifunga boneti taratibu, bila kuibamiza. "Ukitaka unaweza kulifunga mnyororo, ila litavuta, na gia zitaharibika. Gharama yake utailipa wewe."

Birika alilipa na kuondoka akiwa na hakika moja tu, kwamba fundi ndiye mwizi. Mtu asiye na hatia hawezi kuwa na jibu la haraka namna ile. Ufunguo wa gari huachwa gereji kila linapotengenezwa, na kuchonga ufunguo wa pili ni kazi ya dakika chache. Njiani alisimamishwa na jirani, mama mmoja aliyekuwa akianika mashuka, aliyemwambia kwamba juzi alilipungia gari lake mkono na halikupiga honi kama kawaida yake, je, lina shida? Birika alisema halina. Alimwongeza jirani kwenye orodha ya washukiwa.

Akaanza kutega. Alichora mstari wa chaki ukitoka kwenye tairi mpaka sakafuni. Alifunga uzi mweusi kutoka kwenye usukani hadi kwenye gia. Ufunguo alikwenda nao kazini, ndani ya soksi, na siku nzima alipima macho ya watu huku akichechemea. Jioni ya Alhamisi mstari wa chaki ulikuwa umekatika sehemu mbili na uzi ulikuwa umefunguliwa. Haukukatwa, ulikuwa umefunguliwa na kuviringishwa vizuri, ukawekwa juu ya dashibodi.

Wiki iliyofuata alichomoa waya wa betri. Alhamisi jioni aliukuta umerudishwa, na vichwa vya betri vimepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu, jambo ambalo hata yeye hakuwa amelifikiria.

Basi Alhamisi nyingine aliaga kama kawaida, akabeba mkoba wake, akazunguka nyumba kwa nyuma, akarudi kwa kunyata. Mkewe alikuwa amekwenda uani kuchukua makaa ya pasi. Birika akafungua mlango wa nyuma wa gari, akajilaza sakafuni nyuma ya viti, akajifunika turubai. Alitarajia kuisikia sauti ya mwanamume.

Hakuisikia. Jua lilipokuwa limepanda, injini iliwaka yenyewe, ikapata joto kidogo tu bila kupoteza mafuta, na gari likarudi nyuma. Alisikia geti likifunguliwa, na sauti ya mkewe, ya kawaida kabisa, ikisema, "Haya, na leo usichelewe, kuna mvua."

Birika aliinua turubai. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Usukani ulizunguka polepole, ukanyooka. Hakupiga kelele. Alichofanya ni kutazama mita ya mafuta.

Lililomsumbua njiani ni kwamba gari lilijiendesha vizuri kuliko yeye. Lilipanda gia mapema. Lilipoona taa nyekundu mbali lilianza kupunguza mwendo pole pole, kiasi kwamba breki hazikuhitajika. Liliwapisha watoto wa shule. Penye kizuizi askari wa barabarani alilisimamisha, akasoma stika ya bima kwenye kioo, akamwona Birika sakafuni, akamwamkia, kisha akaliruhusu lipite.

Lami iliisha. Wakaingia kwenye mtaa wenye udongo mwekundu, nyumba ndogondogo zenye ua wa miti iliyokatwa sawasawa. Gari likapiga honi mara moja, fupi, kama mtu anayekohoa mlangoni, likaingia kwenye kivuli cha banda la mabati lililokuwa limejengwa kwa kipimo chake hasa, likazima.

Mwanamke alitoka na ndoo. Alikuwa mtu wa makamo, amefunga kitambaa kichwani, na mgongoni mwa mkono wake kulikuwa na alama ya oili. Alipomwona Birika akijitoa chini ya turubai aliweka ndoo chini.

"Wewe ndiye uliyelinunua," alisema.

"Ndiyo mimi. Na wewe umelifanyia nini gari langu?"

"Nimeliosha."

"Nauliza umelifanya nini mpaka likaja."

"Sijalifanya chochote, ndugu yangu. Limezoea." Akachovya kitambaa, akaanza na paa. "Karibu ukae. Kigoda kile pale."

Birika hakukaa. Alitazama huku na huku akitafuta mtu wa pili, waya, au dawa iliyofukiwa. Aliona makopo ya oili yamepangwa ukutani, na pembeni mashine ya kufumia masweta yenye sweta la shule nusu. Mwanamke alimweleza bila kuulizwa tena, huku mikono ikifanya kazi. Mumewe alikuwa seremala. Gari walilinunua wawili: yeye aliuza kiwanja alichopewa na mama yake, mume akaongeza ya mbao. Kadi ya gari iliandikwa jina la mume kwa sababu ndiye aliyekwenda ofisini siku hiyo. Yeye alikuwa amebaki nyumbani na mtoto mwenye surua. Alhamisi ilikuwa siku yao ya kuliosha na kulikagua. Mume ndiye aliyemfundisha kubadilisha oili, kwa kuwa yeye mwenyewe mgongo ulikuwa unamuuma.

"Tulipotoka kumzika mume wangu," alisema, "shemeji yangu akaniomba ufunguo. Akasema analipeleka mahali salama, wezi wasije wakaona nyumba ina msiba. Nikampa mwenyewe kwa mkono wangu huu."

"Shemeji yako ni yule dalali aliyeniuzia?"

"Ndiye huyo huyo."

Birika alikohoa. Siku ile ya kununua ilimrudia yote. Alikuwa ameshuku kila kitu. Alipitisha sumaku kwenye milango kutafuta palipozibwa kutu kwa lami na rangi. Alilinganisha namba za chesisi kwa kutumia lenzi yake ya kazini. Alinusa moshi. Alilala chini ya gari na shati jeupe. Bei ilikuwa ya chini mno, na alitafuta kasoro mchana kutwa asiione. Kisha akafungua kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria, akakuta sindano mbili za kufumia na kipande cha sweta la mtoto, uzi bado uko kwenye sindano. Mtu hauzi gari na kuacha sweta nusu. Alijua hivyo wakati uleule. Lakini aliona kwamba akiuliza, bei inaweza kubadilika, au gari lisiuzwe kabisa. Akafunga kisanduku. Hilo tu, katika mambo yote ya siku ile, ndilo ambalo hakulichunguza.

"Sasa umejua," mwanamke alisema. Alikuwa amefika kwenye kioo cha nyuma. "Utafanyaje?"

"Nitaongea na shemeji yako."

"Haya," alisema. Aliendelea kufuta.

Alasiri gari lilimrudisha. Safari hii alikaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, kama mtu aliyekodi. Mkewe alifungua geti, akamwona akishuka, akamtazama bila mshangao.

"Kumbe leo mmekwenda wote."

"Ulikuwa unajua!"

"Si nalifungulia geti? Nisipolifungulia linajikwaruza."

"Na hukuniambia!"

"Uliniuliza mimi nilikwenda wapi na gari," mkewe alisema. "Hukuniuliza gari lilikwenda wapi."

Alipomsimulia habari za yule mwanamke, mkewe aliondoa mguu kwenye cherehani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja, kama Birika atalirudisha gari.

"Nimelinunua kwa jasho langu," alisema Birika. "Kwanza niongee na dalali."

Mkewe alisubiri kidogo, labda kulikuwa na la pili. Halikuwepo. Akaendelea kushona.

Dalali alimpokea Birika ofisini kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa manukato na meno mazuri, na alivuta kiti mwenyewe, akakipangusa.

"Daktari wangu! Gari linasemaje?"

"Linakwenda kwa shemeji yako kila Alhamisi."

"Bado?" Dalali alicheka kwa huruma. "Hata kwangu lilikuwa linatoroka. Nikalifungia kwenye kontena, likapigapiga honi mpaka majirani wakalalamika. Kwani ulifikiri bei ile ilitoka wapi?"

"Mama anasema aliuza kiwanja chake."

"Anasema. Kadi ilisema nini?"

"Jina la mumewe."

"Na sasa inasema nini?"

"Jina langu."

"Basi, daktari. Wewe mtu msomi, utafuata maneno au utafuata kadi?" Akainuka, akamshika bega. "Mfiwa huongea mengi. Sisi kama ukoo tunamwangalia. Na hilo gari, mwache alioshe, linamliwaza. Wewe unapungukiwa nini?"

Birika alimtazama dalali machoni, kwa mazoea ya kazi. Yalikuwa macho mazuri, hayana mtoto wa jicho, hayana wekundu, yanaona mbali na karibu. Alitoka ofisini akiwa amefarijika, na akagundua kwamba amefarijika, na hilo lilimuudhi kwa umbali wa mitaa miwili hivi. Baadaye alipita kituo cha polisi kuuliza tu. Askari wa zamu alimsikiliza kwa heshima na kumwambia kwamba gari kwenda lenyewe si kosa ilimradi bima iko hai, na gari si mtu, haliwezi kutoa ushahidi. Yule mama akitaka alete karatasi. Ana karatasi? Birika alisema hadhani.

Mambo yakabaki hivyo. Kila Alhamisi gari lilikwenda, likarudi safi. Birika aligundua kwamba kwa muda mrefu hajanunua oili wala kulipa gereji. Fundi Grisi, akikutana naye njiani, aliinamisha kichwa kwa uchungu. Wagonjwa wenye magari yao ya zamani walimwuliza siri ni nini, kwa kuwa la kwake halikutoa moshi wala kulia, naye, huku akiwabadilishia lenzi, aliwaambia wasikanyage mafuta kwa fujo, wapime tairi likiwa baridi, wasibebe mizigo isiyo ya lazima ndani ya buti. Yote yalikuwa kweli. Walimshukuru.

Mara moja dhamiri ilimchoma. Akanunua mche mzima wa sabuni na vitambaa vipya, akaviweka kwenye kiti cha mbele siku ya Jumatano. Alhamisi jioni gari lilirudi likinukia sabuni ileile ya siku zote. Mche wake ulikuwa palepale, karatasi yake haijachanwa.

Baada ya hapo mkewe alianza kwenda. Hakuomba ruhusa. Alhamisi alifunika cherehani, akafungua geti, akaketi kiti cha mbele cha abiria, na gari likamsubiri afunge mkanda. Alirudi alasiri na udongo mwekundu kwenye viatu. Birika alimwuliza wanaongea nini huko. Mkewe alijibu kwamba hawaongei sana, wanafanya kazi. Usiku huo Birika alilala akimsikiliza anavyopumua, asijue anashuku nini.

Mwezi ule mdogo wake Birika alikuja kuwasalimia kutoka mbali. Alikuwa kijana mchangamfu, mpenda watu, na aliwaletea watoto biskuti. Alikaa barazani, akamsifu shemeji yake kwa mishono, akamsifu kaka yake kwa afya ingawa alimwona amekonda. Kisha akainuka kujinyoosha. Akalizunguka gari. Akapiga tairi teke dogo, la kirafiki, akabinua mdomo kama mtu aliyeridhika. Akaingia ndani kunywa maji, akafungua friji, akaifunga, akaipapasa ubavuni.

"Kaka, hivi vitu vyote umeandika jina lako?" aliuliza akirudi. "Gari, nyumba?"

"Vyote."

"Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa." Akamgeukia mke wa kaka yake kwa tabasamu. "Si ndivyo, shemeji? Mambo yasije yakawa na utata huko mbele."

"Ongeza chai, shemeji," alisema mkewe Birika.

Mgeni alipoondoka, Birika alijilaza kidogo. Alizinduliwa na sauti ya kukwaruza, kavu, ya kuendelea, kama panya anayetafuna kabati. Alifuata sauti hadi jikoni. Mkewe alikuwa ameivuta friji kutoka ukutani. Alikuwa amepiga magoti nyuma yake, msumari mkononi, na alikuwa anachora jina lake mwenyewe kwenye bati, herufi kubwakubwa, akirudia kila mstari mpaka rangi itoke. Kupitia mlango wa chumbani Birika aliona kwamba kitanda kilikuwa tayari kimechorwa, na kabati pia. Cherehani ilikuwa imeingizwa ndani, imepinduliwa juu ya mkeka, na tumboni mwake jina liling'aa jipya.

Alisimama mlangoni. Alitaka kusema kwamba yeye bado yu hai, kwamba mdogo wake ni mtu mwema, kwamba friji ikikwaruzwa bati huingia kutu. Mwishoni aliona afadhali aulize.

"Mama watoto, unafanya nini?"

Mkewe hakuinua kichwa.

"Sogea kidogo," alisema. "Unanizibia mwanga."

Birika akasogea.